Je, Wajua? Sauti, Mapigo na Kimya

Je, wajua kwamba noti ya muziki na mngurumo wa mashine ya kusaga vimetoka tumbo moja? Vyote ni hewa inayotetema. Tofauti ni kwamba uzi wa gitaa hutetema kwa mpangilio unaojirudia sawasawa, na sikio likiyanasa marudio hayo huipa sauti mahali pake, juu au chini. Kelele haina mahali. Uzi ukitetema mara 440 kwa sekunde unapata noti iitwayo la, au A kwa wanaosoma kwa herufi. Ukitetema haraka zaidi, sauti inapanda. Ukitetema polepole, inashuka. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000, na umri ukisogea zile za juu kabisa ndizo za kwanza kuaga.

Je, wajua kwamba hiyo 440 ni ya juzi tu? Zamani miji ya Ulaya ilikuwa kila mmoja na la yake, na mwimbaji msafiri alilipia tofauti hizo kwa koo lake mwenyewe. Mwaka 1859 Ufaransa ikatunga sheria: la iwe 435. Mwaka 1939 mkutano wa kimataifa ukakaa London na kukubaliana 440. Mbona si 439, ambayo Waingereza tayari walikuwa wakiikaribia? Mafundi wa BBC walitengeneza noti yao ya kupimia kutokana na fuwele iliyotetema mara 1,000,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 11, gawanya kwa 25: unapata 440 kamili. Namba 439 ni namba tasa, haigawiki kwa chochote, na kwa vifaa vya wakati ule ilikuwa mateso matupu. Basi ukimwona mpiga gitaa wa Kinondoni anakaza nyuzi huku akitazama programu ya simu, ujue anatafuta namba ambayo sifa yake mojawapo ni kwamba iliwarahisishia mafundi wa redio hesabu.

Mwanamume na mwanamke wakiimba wimbo mmoja “kwa sauti moja”, kwa kawaida hawako kwenye sauti moja hata kidogo. Mwanamke yuko juu kwa oktava nzima, maana yake mitetemo yake ni maradufu: 220 kwa 440, 440 kwa 880. Sikio halijali. Huihesabu noti ileile iliyohamia ghorofa ya juu, ndiyo maana noti za oktava hupewa jina moja.

Sasa swali gumu: kati ya ghorofa hizo mbili kuna ngazi ngapi?

Kitabu cha shule kitakujibu bila kusita: 12. Hesabu vibonye vya piano, vyeupe na vyeusi, toka do hadi do inayofuata, utapata hizo hatua 12 za nusu toni. Je, wajua kwamba aliyekokotoa kwa usahihi namna ya kuzigawa sawasawa alikuwa mwanamfalme wa China? Zhu Zaiyu, wa ukoo wa kifalme wa Ming, aliandika hesabu hiyo mwaka 1584: kila noti izidishe mitetemo yake kwa 1.0595 hivi, ukifanya hivyo mara 12 unafika oktava.

Kulikuwa na haja gani ya hesabu yote hiyo? Kwa sababu maumbile hayakubali kugawika vizuri. Wagiriki wa enzi za Pythagoras walijua kwamba nyuzi mbili ambazo urefu wake ni 3 kwa 2 zinalingana kwa utamu. Hatua hiyo huitwa tano kamili. Panda kwa tano kamili mara 12 na unategemea kutua juu ya noti uliyoanzia, oktava 7 juu yake. Hutui. Unapitiliza kwa kiasi cha karibu robo ya nusu toni. Ni kidogo, ila sikio linakisikia na linakikataa. Kwa hiyo fundi wa piano, siku nzima akizungusha ufunguo wake, hafanyi kazi ya kuifanya piano iwe sahihi. Anaigawa ile kasoro sawasawa kwa noti zote ili isimkere mtu.

Je, wajua kwamba piano haiwezi kupiga makamu ya Rasti, ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu? Noti yake ya tatu imekaa katikati, baina ya kibonye cheusi na cheupe, na piano haina kibonye hapo. Muziki wa Kiarabu unazo noti za namna hiyo nyingi, na mwaka 1932 wanamuziki na wataalamu walikutana Cairo kwa mkutano mkubwa ambamo jinsi ya kuzipima ilikuwa miongoni mwa mabishano makali. Udi hauna tatizo hilo: shingo yake ni laini, haina vipingo kama gitaa, kidole hutua popote kinapotaka. Fidla vilevile. Kanuni, yenye nyuzi 78 zilizopangwa tatutatu, imefungiwa vishikizo vidogo vya chuma upande wa kushoto, na mpigaji huvigeuza wimbo ukiendelea ili kuinyanyua noti au kuishusha kwa uzi wa nywele. Mtazame mkono wa kushoto wa mpiga kanuni safari nyingine ukiwa Unguja. Mkono wa kulia ni maonyesho, ila kazi ya hatari iko kushoto.

Na kama unadhani mambo ya makamu ni ya wataalamu, wasikilize waadhini. Waislamu wengi wa Pwani wanaitambua Hijazi mara tu inapotoka kwenye kipaza sauti, japo hawajawahi kulisikia jina lake.

Twende kusini. Wachopi wa Msumbiji huzichonga mbao za marimba zao, timbila, kwa hatua 7 zinazokaribia kulingana kabisa ndani ya oktava. Hakuna nusu toni wala toni nzima, hatua zote ni ndugu. UNESCO iliutambua muziki huo mwaka 2005. Twende magharibi: Baganda kwenye amadinda, marimba yao ya mbao, hutumia hatua 5 zinazokaribia kulingana. Rudi katikati ya Tanzania, kwa Wagogo, ukute ngazi ya noti inayofuata zile sauti ndogondogo zinazojificha ndani ya kila sauti kubwa, ambazo sikio likitulia linazisikia. Mwanamuziki wao Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na ilimba yake iliyolingwa kwa namna hiyo. Wasikilizaji wa Ulaya walikuwa wakiduwaa kwa uzuri wa kitu ambacho piano zao zisingeweza kukipiga.

Hivyo jibu la “ngazi ngapi” linategemea umemuuliza nani.

Je, wajua kwamba hata tamu na chungu katika muziki si jambo la kuzaliwa nalo kama tulivyoambiwa? Mwaka 2016 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo kutoka kwa Watsimane wa misitu ya Bolivia. Waliposikilizishwa noti zinazolingana na zile zinazogombana, walizisikia tofauti zake vizuri, lakini hawakuona kwa nini moja iwe nzuri kuliko nyingine.

Ule uvumi kwamba Kanisa la zama za kati lilipiga marufuku mlingano wa noti mbili zilizoachana kwa toni tatu kwa sababu ni wa shetani? Hakuna ushahidi wa marufuku hiyo. Jina la shetani lilipewa kweli, na walimu waliwaonya wanafunzi wauepuke kwa sababu ni mgumu kuimba. Mengine ni chumvi.

Je, wajua kwamba do ilikuwa ut? Mtawa Guido wa Arezzo, Italia, miaka kama elfu moja iliyopita, alichoka kuwafundisha wanakwaya kwa kukariri. Akauchukua wimbo wa Yohana Mbatizaji ambao kila mstari wake ulianza hatua moja juu ya ule uliotangulia, akazitoa silabi za mwanzo wa mistari: ut, re, mi, fa, sol, la. Sita tu. Ya saba, si, iliongezwa karne nyingi baadaye kutoka herufi za kwanza za jina la mtakatifu mwenyewe. Waitaliano waliiacha ut katika karne ya 17, kwani t ya mwisho huikaba sauti.

Safari ya kutoka kwa Guido hadi ubao wa kwaya ya Mbeya ilipitia kwa mwanamke mmoja wa Norwich, Uingereza. Sarah Glover alitaka kila noti iandikwe kwa herufi moja, na sol na si zote zilianza na s. Ndipo si ikageuka ti. Mchungaji John Curwen, aliyetumwa kutafuta njia nyepesi ya kufundisha uimbaji katika shule za Jumapili, akauchukua mfumo wake kuanzia miaka ya 1840 na kuuendeleza, na wamisionari wakausambaza Afrika nzima. Ingia mazoezini leo. Ubaoni kuna d :r |m :- na ukoo wake wote. Nukta mbili zinatenga mapigo, kistari kinamwambia mwimbaji aivute noti, mstari wa wima unafunga kipimo, na sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine kwenye karatasi ambayo imetolewa nakala hadi herufi zimefifia. Mwalimu anatoa do. Sauti ya kwanza wanashika, ya pili wanatafuta, ya tatu wamechelewa kufika, besi wanakohoa.

Kuna wasomi wa muziki wanaoidharau solfa, ndiyo hiyo ya herufi, kwa kuwa si ile ya mistari mitano. Naona dharau hiyo haina msingi. Mistari mitano huwafaa zaidi watu wenye vyombo. Solfa imetengenezewa watu wenye makoo: do huhama, kwa hiyo kwaya isiyo na kinanda huuanza wimbo popote waimbaji wanapojisikia siku hiyo, na karatasi haibadiliki hata nukta.

Tena solfa hiyohiyo ndiyo iliyobeba wimbo wa taifa wa Tanzania. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 na kuiandika kwa solfa. Lahani yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, Zambia wanayo, na Afrika Kusini wameiingiza ndani ya wimbo wao.

Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1963 lahani ilichukuliwa kutoka wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, kule Mto Tana. Kumbe kinachowasimamisha watu wima uwanjani kilianza kwa kumlaza mtoto.

Wajerumani huita B kile ambacho wengine hukiita B iliyoshushwa, na B ya kawaida wao huiita H. Kwa sababu hiyo Johann Sebastian Bach aliweza kuliandika jina lake la ukoo kwa noti nne, na alifanya hivyo.

Tuje kwenye mapigo. Hapa usisome tu. Weka mikono mezani. Hesabu taratibu moja hadi sita, bila kusita kati ya sita na moja. Mkono wa kulia upige kwenye 1, 3 na 5. Mkono wa kushoto upige kwenye 1 na 4. Mikono itagombana kidogo, halafu ghafla itashikana, na utasikia mdundo mmoja usio wa kulia wala wa kushoto. Hiyo ni tatu kwa mbili. Chakacha ya Pwani inaishi humo: mapigo sita ambayo kiuno kinaweza kuyahesabu mawili ya tatu au matatu ya mawili, na mchezaji hodari haamui upande mmoja, anahamahama.

Je, wajua kwamba kwenye amadinda kuna wimbo ambao hakuna anayeupiga? Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, marimba ya mbao 12 ikiwa katikati yao. Kila mmoja ana mstari wake wa mapigo yaliyo sawasawa, na pigo la huyu hudumbukia katikati ya mapigo ya yule, hivyo kila mmoja anajiona yeye ndiye yuko kwenye pigo na mwenzake ndiye yuko kati. Mikono inakwenda kwa mwendo wa wastani, lakini kinachotoka ni cha kasi mara mbili. Wa tatu anakaa kwenye mbao mbili za juu na kuokota kutoka kwenye msongamano huo mapigo ya noti mbili za chini kabisa. Msikilizaji, kwa upande wake, anaanza kusikia vijilahani vinavyochomoza: noti za chini zinajipanga zenyewe, za juu zenyewe. Mpigaji akiulizwa ni nani anayepiga kijilahani kile, hana wa kumtaja. Kimeundwa sikioni mwako.

Kasri la Kabaka, mfalme wa Baganda, lilikuwa na mtindo huohuo kwa ngoma. Entenga ni ngoma 15, kati yake 12 zimelingwa kwa noti, wapigaji 6. Shambulio la mwaka 1966 dhidi ya kasri hilo, liitwalo Lubiri, lilipolivunja, upigaji wa entenga ulikatika pamoja nalo.

Metronomu, kile kidude kinachohesabu tik-tak, ina jina la Johann Mälzel kwa sababu ndiye aliyeiandikisha mwaka 1815. Dietrich Winkel wa Amsterdam alikuwa amekwisha kubuni kiini chake mwaka mmoja kabla. Beethoven alikipenda sana, na mwaka 1817 akachapisha namba za mwendo wa simfoni zake. Wapiga piano mpaka leo wanabishana iwapo namba moja aliyoiandika kwenye sonata yake ya Opus 106 inapigika na vidole vya binadamu.

Moyo uliotulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na nyimbo nyingi za kutembea na kucheza huzungukazunguka humo au juu yake kidogo. Singeli ya Dar es Salaam huanzia 200 hivi na kuna vijana wanaoisukuma kuikaribia 300. Wazee husema hiyo si muziki, ni dharura. Lakini mtazame mchezaji wake kwa makini: miguu mara nyingi inahesabu nusu ya mapigo hayo, mwili unatafuta mwendo wake ndani ya mvua ile.

Wimbo wa jazi “Take Five” wa mwaka 1959 una mapigo matano kwa kipimo, na watu waliununua kwa wingi wasijue kuhesabu.

Maneno ya mwendo na nguvu, allegro, andante, piano, forte, ni ya Kiitaliano kwa kuwa Waitaliano ndio waliokuwa wakitamba wakati maandishi hayo yalipoanza kuenea. Si wote walioinamisha kichwa. Erik Satie, Mfaransa mtundu, mahali pamoja alimwagiza mpiga piano apige kama ndege mwimbaji anayeumwa na jino.

Je, wajua kwa nini piano iliitwa hivyo? Kabla yake kinanda cha nyuzi kilidonoa uzi, na mdonoo ni uleule ubonyeze kwa hasira au kwa huruma. Bartolomeo Cristofori, fundi wa ukoo wa Medici kule Florence, mnamo mwaka 1700 hivi, aliweka nyundo ndogo badala ya mdomo wa kudonoa. Nyundo hutii mkono. Chombo kikaitwa kwa kile kilichokuwa ajabu: kupiga pole na kupiga kwa nguvu. Vitatu vya mkono wake vipo bado, kimoja kikiwa New York. Piano ya leo ina vibonye 88, nyuzi 230 hivi, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa pamoja hukaribia tani 20, ndiyo maana kuhamisha piano ni kazi ya wanaume sita na ugomvi mmoja.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo kinachodanganya macho. Kuongezeka kwa 10 ni nishati mara 10. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa 4 tu. Sasa fikiria spika za harusi za mtaani, na jirani yako aliyekaa mbele yake tangu alasiri.

Je, wajua kwamba ukikata mwanzo wa sauti, ule upenyo mfupi wa kugusa au kupuliza, hata mwanamuziki hubabaika kutofautisha chombo na chombo? La ya nai na la ya fidla zina mitetemo 440 ileile. Kinachozitofautisha ni sauti ndogo zinazoambatana nayo na namna inavyoanza. Hiyo ndiyo rangi ya sauti.

Burundi wana jambo la ajabu zaidi kuhusu rangi hiyo. Mpiga inanga hukaa na ubao wake wenye nyuzi, akapiga, akaimba kwa kunong'ona. Mnong'ono hauna noti, kwa kuwa nyuzi za sauti kooni hazitetemi. Jaribu kunong'ona wimbo wowote utaona. Lakini ukimsikiliza yule mzee, unaapa anaimba. Noti zinatoka kwenye inanga, maneno yanatoka kinywani, na sikio lako linaviunganisha kuwa sauti moja ya mtu. Pumzi yake haijabeba lahani hata kidogo.

Mpiga nyatiti wa Kijaluo ni bendi ya mtu mmoja. Mikono iko kwenye nyuzi 8, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo, njuga ziko mguuni, na mdomo unaimba sifa za watu waliohudhuria. Wasiotoa kitu nao huimbwa.

Ngoma nyingi hazina noti safi, maana ngozi hutetema kwa fujo. Tabla ya India inayo. C. V. Raman, Mhindi aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1930, alikuwa amekwisha chunguza kwa nini: lile doa jeusi la katikati, lililopakwa tabaka kwa tabaka, huifanya ngozi itetemeke kwa mpangilio kama uzi. Alilieleza kwa fizikia jambo ambalo mafundi wa tabla walikuwa wamelifanikisha kwa vidole miaka mingi.

Pwani yetu tatizo la ngozi ni unyevu. Ngozi hunywa hewa ya bahari, hulegea, na msondo uliokuwa ukilia vizuri jioni unaanza kutoa sauti ya gunia kabla ya usiku wa manane. Ndipo huwashwa kuti au karatasi, na ngoma hugeuziwa moto. Mpigaji haangalii saa. Anagonga kwa ncha za vidole kuzunguka ukingo, anasikiliza, anageuza, anagonga tena, mpaka pande zote zinajibu mamoja. Akizidisha, ngozi inachanika. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka: waliotunga methali hiyo walikuwa na ngoma mkononi. Ngozi ya plastiki iliyoingia sokoni miaka ya 1950 ilimaliza tatizo hilo na, kwa sikio langu, ikachukua na kitu.

Filimbi ya zamani kuliko karibu zote tunazozijua ni ya mfupa wa tai mzoga, ina matundu matano, na ilipatikana mwaka 2008 katika pango la Hohle Fels, Ujerumani. Umri wake ni zaidi ya miaka 35,000.

Je, wajua kwa nini wimbo wa redio huwa wa dakika tatu? Sahani ya santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, aliubeba mtindo ambao jukwaani haukuwa na haraka na yeyote. Nyimbo nyingi za taarab asilia huwa na beti za mistari mitatu, mizani 16 kila mstari, vina kati na vina mwisho, kisha kiitikio, kisha vyombo vijibu peke yao, na msikilizaji aliyeguswa asimame aende kutunza. Santuri haingoji mtu atoke kwenye kiti chake.

Wakongo walilitatua kwa kuukata wimbo. Santuri ndogo za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Mara nyingi hadithi inasimuliwa upande A, na ukigeuza unakutana na sebene, pale gitaa la solo linapofunguliwa mlango. Bendi za dansi za Tanzania nazo zilikuwa na mgawanyo wao: mwanzo wa pole ambapo maneno yanasikika na watu wamekaa, halafu chemko. Rumba ya Kongo iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2021.

Kimya nacho huandikwa. Kina alama zake kwenye karatasi, na kina urefu kama noti. Mtunzi John Cage alilipeleka jambo hilo mbali: tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock, Marekani, mpiga piano David Tudor alikaa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga noti, akifunga na kufungua kifuniko kuonyesha mwisho wa kila sehemu. Watu walikasirika. Cage huyohuyo aliandika kipande alichoagiza kipigwe polepole kadiri iwezekanavyo, na Wajerumani wa Halberstadt wakamchukulia kwa neno lake. Kinanda cha kanisa la Mtakatifu Burchardi kilianza kukipiga mwaka 2001 na kinatarajiwa kumaliza mwaka 2640. Kwa kuwa kipande kinaanza na kimya, miezi 17 ya mwanzo ilipita bila sauti yoyote isipokuwa mivukuto ikipumua.

Na mwisho, Auto-Tune. Je, wajua kwamba aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa akitafuta mafuta? Hesabu zake zilisoma mwangwi wa mawimbi yaliyopelekwa ardhini, na mwaka 1997 alizigeuzia kwenye koo la binadamu. Mwaka uliofuata mwimbaji Cher alitoka na “Believe” na dunia ikaijua sauti ile ya kuvunjikavunjika. Leo studio nyingi za Bongo Fleva zina programu ya namna hiyo. Kazi yake ni kuangalia mwimbaji amepotea umbali gani kutoka noti iliyo karibu kati ya zile 12, kisha kumsukuma arudi. Mpe mwimbaji wa taarab mwenye Rasti safi, na ile noti yake ya tatu, aliyoitafuta kwa miaka, programu itaisoma kuwa kosa na kuiburuta hadi kwenye kibonye cha piano. Si lazima iwe hivyo. Ndani ya Auto-Tune yenyewe mna ngazi za Kiarabu na nyingine zisizo za 12. Prodyuza ateremshe tu menyu na kuchagua.